Picha za Harusi ya Rafiki Zimetoka na Kasoro: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye upigaji picha si kazi yake, lakini ameombwa na rafiki ampigie picha za harusi, na sasa amekaa mbele ya kompyuta akikuta kasoro ambazo hakuziona kwenye kioo kidogo cha kamera. Kasoro hizo hujirudia sana miongoni mwa wapigapicha wa aina yake, na kila moja huacha alama yake ndani ya picha, kiasi kwamba anayejua mahali pa kutazama hahitaji kubahatisha chanzo. Dalili zimepangwa kuanzia ile inayoweza kukupotezea kila kitu, na ndani ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi ndiyo inayotangulia.

Kabla ya uchunguzi wowote, nakili faili zote kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera hadi sehemu mbili tofauti, kwa mfano diski ya kompyuta na diski ya nje. Hakikisha idadi ya faili inalingana, kisha fungua chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili za RAW (data ghafi ya picha kama kamera ilivyoipokea) zenye takribani megabaiti 25 hadi 30 kila moja, kwa hiyo picha 1,500 zinaweza kukudai nafasi ya gigabaiti 40 au zaidi, na ni vyema kulijua hilo kabla diski haijajaa katikati ya kazi. Kadi yenyewe iwekwe kando bila kufomatiwa hadi maharusi watakapokuwa na picha zao mikononi. Uhariri wote ufanyike kwenye nakala.

DALILI: Kadi haisomeki, au picha hazionekani

Sababu ya kawaida kabisa haimo ndani ya kadi. Ni kisomeo cha kadi kilichochoka, kebo mbovu, au tundu la USB lisilotoa umeme wa kutosha. Jaribu kisomeo kingine, tundu jingine, kisha kompyuta nyingine. Ukiwa na kamera mkononi, irudishe kadi humo na uangalie kama kamera inaziona picha. Ikiwa inaziona, iunganishe kamera na kompyuta kwa kebo na unakili moja kwa moja. Futa sehemu za dhahabu za kadi kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, bila maji wala sabuni.

Sababu inayofuata ni kuharibika kwa orodha ya faili, jambo linalotokea pale betri inapokata au kadi inapochomolewa wakati kamera bado inaandika. Hapa kompyuta hupenda kuuliza kama ungependa kuifomati kadi, au kuirekebisha. Kataa yote mawili. Marekebisho hayo hubadilisha yaliyomo kwenye kadi, na kile unachotaka kwa sasa ni kadi ibaki kama ilivyo. Halikadhalika, ikiwa umefuta picha au umefomati kadi kwa bahati mbaya, acha kuitumia papo hapo, kwa kuwa mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu, ilhali picha zenyewe hubaki hadi nyingine zitakapoandikwa juu yake. Kila picha mpya unayopiga baada ya hapo huenda inaziba nafasi ya picha ya kiapo.

Programu ya bure iitwayo PhotoRec hutafuta picha kwa kutambua umbo la data badala ya kutegemea orodha hiyo, na kwa sababu hiyo hurudisha faili zikiwa na majina mapya yasiyo na maana. Usihangaike na majina: tarehe na saa zimo ndani ya faili yenyewe, na ukizipanga kwa saa mfuatano wa siku utarudi. Sharti moja haliepukiki, nalo ni kwamba faili zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.

Ipo dalili ndogo inayowatisha watu bure: picha ambayo nusu ya juu ni nzima na nusu ya chini ni ya kijivu. Mara kwa mara kosa liko kwenye unakili, kwa hiyo inakili upya kwa kisomeo kingine kabla ya kuilia. Ikiwa kijipicha, ile picha ndogo ya kwenye orodha, kinaonekana vizuri lakini faili ya RAW haifunguki, kumbuka kwamba ndani ya faili za RAW kuna nakala ya JPEG iliyowekwa kwa ajili ya kioo cha kamera, na programu ya ExifTool inaweza kuitoa. Haitakuwa na uwezo wa RAW wa kurekebishwa, lakini itakuwa picha.

Sababu ya nadra zaidi, lakini isiyo na tiba, ni kadi bandia inayojitangaza kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani ina nafasi ndogo. Kamera huendelea kuandika bila kulalamika, picha za mwanzo hubaki salama, na zile zinazofuata huwa hazikuhifadhiwa popote. Programu kama H2testw huigundua kadi ya namna hiyo kwa kuijaza data na kuisoma tena, kwa hiyo itumie kabla ya harusi kwenye kadi tupu, na usiitumie hata kidogo kwenye kadi unayotaka kuiokoa.

Acha na umwite mtaalamu wa kurejesha data iwapo kadi inapata joto isivyo kawaida, imepinda au imepasuka, haitambuliwi na kifaa chochote, au inatoweka katikati ya unakili. Kila jaribio la ziada linaweza kuimaliza kabisa, na gharama ya mtaalamu, japo kubwa, hulipiwa kitu kisichoweza kurudiwa. Waeleze maharusi mapema vilevile; kumficha rafiki kwa wiki mbili huku ukijaribu programu moja baada ya nyingine hakumsaidii yeyote.

DALILI: Picha zina ukungu

Hii ndiyo kasoro inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo inayotambuliwa vibaya zaidi, kwa kuwa neno ukungu hukusanya makosa yasiyofanana. Kuza picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta, kisha jiulize: je, kuna kitu chochote ndani ya fremu hii kilicho kikali?

Ikiwa nguzo, viti na maua mezani ni vikali ilhali watu wamefifia kwenye kingo zao, tatizo ni mwendo wa mhusika. Ikiwa kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, na vijinuru vya taa vimegeuka kuwa vistari vinavyofanana, mkono wako ndio uliotikisika. Ikiwa kuna kitu kikali lakini si kile ulichokikusudia, fokasi (ulengaji wa ukali wa lenzi) ilikwenda kwingine. Na ikiwa hakuna kikali popote wala hakuna mwelekeo wowote wa mvutano, lenzi ilikuwa chafu au ilikuwa na mvuke, au fokasi haikushika kabisa.

Makosa mawili ya kwanza yana mzizi mmoja, yaani kasi ndogo ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu. Soma kasi hiyo kwenye taarifa za picha. Kwa watu waliosimama, 1/125 ya sekunde ni mwanzo mzuri; kwa wanaotembea kuingia, 1/250; kwa wanaocheza bila flashi, 1/500 ikiwezekana. Kuhusu mkono, kanuni ya zamani husema kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 85 huhitaji walau 1/85, na kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C huhitaji hesabu hiyo izidishwe kwa 1.5, yaani karibu 1/125. Kiimarishaji kilichomo kwenye lenzi au kamera hutuliza mkono wako tu. Hakimtulizi bibi harusi anayegeuka kumkumbatia mama yake, na wengi waliokitegemea wamerudi na picha yenye ukuta mkali na nyuso za moshi.

Ikiwa bado kuna matukio ya sherehe yaliyosalia, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya kujiendesha na uipangie kamera kasi ya chini kabisa ya shata isiyoruhusiwa kuvukwa. ISO itapanda hadi 3200 au 6400, na chembechembe zitaonekana. Zikubali. Chembechembe hupunguzwa kwa programu, tena hupungua zenyewe picha inapotazamwa kwa ukubwa wa kawaida, ilhali uso uliovutika haurudi.

Fokasi iliyokwenda kwingine inastahili maelezo zaidi, maana hutokea hata kwenye mwanga mzuri. Kamera iliyoachiwa kuchagua yenyewe eneo la fokasi hupendelea kitu kilicho karibu na chenye mistari mingi ya wazi, na kwenye harusi kitu hicho ni shada la maua au nakshi za gauni kifuani. Tazama picha kama hiyo kwa karibu: utaona kila uzi wa lesi, huku kope zilizo sentimita chache nyuma yake zikiwa zimelainika. Tiba ni kutumia nukta moja ya fokasi unayoiweka juu ya jicho, au utambuzi wa uso na macho ikiwa kamera yako inao, na kuchagua fokasi endelevu, ile ya AF-C au AI Servo, kwa watu wanaotembea.

Mara nyingine fokasi ilikuwa sahihi lakini kina chake, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, kilikuwa kifupi mno. Lenzi ya milimita 50 ambayo tundu lake limefunguliwa hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa) kwenye kamera ya sensa kamili, mhusika akiwa umbali wa mita 2, hutoa kina cha takribani sentimita 17. Lenzi ya milimita 85 katika hali hiyohiyo hutoa takribani sentimita 6. Kwa uso mmoja zinatosha. Kwa maharusi wawili ambao mmoja ameegemea bega la mwenzake, sentimita 6 haziwatoshi wote. Kwa kundi la safu mbili au tatu, funga tundu hadi f/5.6 au f/8, na uelekeze fokasi kwa watu wa safu ya mbele au kidogo nyuma yao, badala ya safu ya mwisho.

Mvuke hutokea unapotoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye hewa ya joto na unyevu. Unyevu hutulia juu ya kioo, na kila taa huota duara la mwanga. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, na usibadilishe lenzi wakati huo, kwa kuwa utauingiza unyevu hadi kwenye sensa.

Sababu za nadra ni za kiufundi. Ukiona upande mmoja wa fremu, kwa mfano wa kushoto, umelainika katika picha zote hata kwenye f/8, na hasa ikiwa lenzi iliwahi kuanguka, vioo vyake huenda vimehama. Ukiona kamera ya DSLR, ile yenye kioo cha kuakisi ndani yake, inaweka fokasi nyuma ya jicho kila mara kwa kiasi kilekile, inahitaji kusawazishwa. Baadhi ya kamera zina marekebisho hayo kwenye menyu na unaweza kujaribu kwa utulivu ukitumia kamera juu ya miguu mitatu na maandishi yaliyobandikwa ukutani; lenzi yenye vioo vilivyohama ni kazi ya fundi, wala usithubutu kuifungua kwa bisibisi za nyumbani.

Na zile zilizokwisha kupigwa? Programu za kisasa za kunoa picha husaidia pale ukungu ulipo mdogo. Pale ulipo mkubwa, huunda nyusi, meno na macho ambayo si ya mtu yule, na ndugu zake watagundua kabla yako. Linganisha uso uliorekebishwa na picha nyingine ya mtu huyohuyo, usipofanana, itupe. Picha yenye ulaini kidogo lakini yenye kicheko cha kweli inaweza kutolewa kwa ukubwa mdogo bila kumkera mtu.

DALILI: Picha ni za giza, au gauni limeungua kwa weupe

Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba wastani wa ulimwengu ni wa kijivu. Kikikutana na gauni jeupe lililojaza fremu, hulishusha hadi kijivu, na nyuso huzama gizani. Kikikutana na suti nyeusi kadhaa, huzipandisha, na kila kilicho cheupe kando yake huungua. Dirisha lililo nyuma ya maharusi huwageuza vivuli kwa sababu hiyohiyo. Tumia fidia ya mwangaza: ongeza kati ya hatua 0.7 na 1 (hatua moja huongeza mwanga mara mbili) kwa fremu iliyojaa weupe, punguza kiasi kama hicho kwa fremu iliyojaa weusi.

Sababu ya pili huwapata watu wenye uzoefu pia. Kioo cha kamera huonekana king'avu mno ndani ya ukumbi wenye giza, na mpigapicha huridhika na picha ambayo kesho yake kwenye kompyuta ni nyeusi. Usiamini kioo, tazama histogramu (grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga katika picha), na washa onyo linalopepesa juu ya sehemu zilizopoteza maelezo.

Unapohariri, faili ya RAW iliyopigwa giza kwa hatua moja au mbili kwa kawaida huinuliwa vizuri, ingawa chembechembe zitatokeza kwenye vivuli. Weupe uliovuka mpaka hautoi kitu. Weka kiashiria juu ya mikunjo ya gauni, na programu ikionyesha 255, kiwango cha juu kabisa, kwenye rangi zote tatu, hapo hakuna nakshi iliyofichika ya kurudishwa, bali kuna karatasi tupu. Ndiyo maana, kati ya hatari hizi mbili, afadhali gauni libaki giza kidogo. Kwa JPEG nafasi ya kujitetea ni ndogo zaidi katika pande zote.

DALILI: Rangi si zenyewe

Nyuso za njano au za rangi ya chungwa hutokana na mizani ya weupe (mpangilio unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe) iliyoshindwa kufuata taa. Balbu za joto hutoa mwanga wa takribani Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,200, mwanga wa mchana na wa flashi hukaribia Kelvini 5,500. Kwenye RAW ni suala la kusogeza kitelezi kimoja, kisha kukinakili kwenye picha zote zilizopigwa chini ya taa zilezile. Usitumie gauni kama kipimo cha weupe kabla ya kujua rangi yake halisi, kwa kuwa magauni mengi ni ya rangi ya maziwa au ya pembe, na ukiyalazimisha kuwa meupe utazigeuza nyuso kuwa za bluu.

Pale nusu ya uso ina mwanga wa dirisha na nusu nyingine ina mwanga wa balbu, mizani moja haitatosha. Rekebisha kila upande kwa brashi ya eneo, au ugeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Njia hiyo ya mwisho pia ndiyo kimbilio dhidi ya taa za LED za zambarau na bluu za jukwaani, ambazo hujaza rangi moja hadi pomoni na kufuta maumbile yote ya uso.

Na ngozi za watu ziachwe na rangi yake. Kuzing'arisha nyuso kwa kisingizio cha kurekebisha mwanga ni kosa la uhariri kama makosa mengine, tena lenye kuudhi zaidi.

DALILI: Mistari au utepe mweusi kwenye picha

Hesabu mistari. Ikiwa ni utepe mmoja mweusi ukingoni, na upo kwenye picha za flashi peke yake, umevuka kasi ya ulinganifu wa flashi, yaani kasi kubwa zaidi ya shata inayoendana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Punguza kasi ya shata, au washa hali ya ulinganifu wa kasi kubwa ikiwa flashi yako inayo. Ikiwa ni mistari mingi ya mwanga na giza inayojirudia, chanzo ni kupepesa kwa taa zenyewe: umeme wa hezi 50 huzifanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti ambayo watu huichagua ili wasisumbue ibada au viapo, ndiyo inayoathirika vibaya zaidi. Rudi kwenye shata ya kimakanika, washa kizuia kupepesa kama kipo, na utumie 1/50 au 1/100 penye hezi 50, au 1/60 au 1/125 penye hezi 60. Taa za LED zinazopunguzwa mwanga zina mapigo yake zenyewe, na hapo utalazimika kujaribu kasi kadhaa hadi mistari ipungue.

Mistari iliyokwisha kuingia usoni ni migumu kuondoa. Ikiwa picha ni ya tukio lisilo na mbadala, kama vile kuvalishana pete, mpe mhariri wa kulipwa faili halisi badala ya ile uliyokwisha kuichezea.

DALILI: Flashi haiwaki, au inawaka mara moja kwa kuruka

Kwanza betri: zikipungua nguvu, flashi huchukua sekunde nyingi kujijaza, na picha zinazopigwa katika muda huo hutoka giza. Kisha angalia kama imeingia hadi mwisho kwenye kiatu chake, pale inapochomekwa juu ya kamera, na kama kamera iko kwenye hali ya kimya, kwa kuwa kamera nyingi huizima flashi katika hali hiyo. Ikiwa imepiga mfululizo kwa nguvu zote, huenda imejipunguza ili isiungue, ipumzishe. Vivuli vikali ukutani na macho mekundu huondoka ukielekeza kichwa cha flashi kwenye dari jeupe, lakini dari la rangi litazipaka nyuso rangi hiyo.

Usiifungue flashi kamwe. Kapasita yake hushikilia volti mia kadhaa hata baada ya betri kutolewa, na mshtuko wake unaweza kukudhuru vibaya. Betri ya lithiamu iliyovimba, inayovuja au yenye harufu isichajiwe tena wala kutobolewa. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na uipeleke mahali panapopokea taka za betri.

DALILI: Picha zilikuwa nzuri kwako, zimefika mbovu kwa maharusi

Chanzo cha kwanza ni njia uliyotumia kuzituma. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida hupunguzwa hadi takribani pikseli 1,600 upande wake mrefu na kubanwa. Kwenye simu hakuna atakayelalamika. Lakini ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na nusu tu, na ukiivuta hadi sentimita 30 unabaki na nukta kama 135 kwa inchi. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, ambalo ni bora zaidi ingawa nalo hubana. Njia inayohifadhi faili kama ilivyo ni kuituma kama hati. Kwa albamu nzima, tumia hifadhi ya mtandaoni na uhakikishe imewekwa kwenye ubora halisi, si ule wa kuokoa nafasi.

Ikiwa rangi ndizo zilizofifia ilhali ukali upo, huenda ulitoa faili kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi ambao vifaa vingi havionyeshi ipasavyo. Zitoe upya kwa sRGB, mfumo wa kawaida. Ikiwa simu au kompyuta ya mpokeaji haifungui picha zilizotoka kwenye iPhone, ziko kwenye muundo wa HEIC. Zigeuze kuwa JPEG. Picha zilizolala ubavu zinahitaji kuzungushwa na kuhifadhiwa upya ili mzunguko uingie kwenye picha yenyewe.

Kiungo kisichofunguka mara nyingi kimefungiwa akaunti yako peke yako, au muda wake umekwisha. Ukipakia na kazi ikakwama katikati, angalia nafasi: akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua pepe, na tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa humo.

Mfuatano uliovurugika, keki ikikatwa kabla ya viapo, husababishwa na kamera mbili zenye saa tofauti. Tafuta tukio moja lililopigwa na kamera zote mbili, kwa mfano busu la kwanza, pima tofauti ya saa, kisha sogeza saa za picha zote za kamera moja kwa tofauti hiyo ukitumia ExifTool au programu ya kuhariria.

DALILI: Picha zimesambaa kabla ya maharusi kuziona

Aghalabu ni kiungo kilicho wazi kwa kila mwenye nacho, kikipita kutoka kundi hadi kundi. Funga ruhusa mara moja, ingawa haitarudisha zilizokwisha kupakuliwa, kisha waombe waliozichapisha waziondoe. Tengeneza albamu mbili: ya maharusi yenye kila kitu, na ya wageni yenye zile tu ambazo maharusi wamezikubali. Picha za watoto ziwekwe hadharani kwa idhini ya wazazi wao. Ondoa pia taarifa za mahali kwenye picha za simu, hasa zilizopigwa nyumbani kwa mtu wakati wa maandalizi. Endapo picha zinatumiwa kumdhalilisha mtu au kutangaza biashara bila ruhusa, hifadhi ushahidi na mwelekeze mhusika kwa mwanasheria badala ya kujibizana mtandaoni.

DALILI: Mtu muhimu hayumo

Kabla ya kukubali kwamba bibi au kaka mkubwa hakupigwa, pitia picha ulizozikataa. Mara nyingi yumo pembeni mwa fremu pana, na megapikseli 24 zinaruhusu kumkata na kupata picha inayofaa kwa ukubwa wa wastani. Pili, hukuwa na orodha ya makundi ya familia, au ulikuwa nayo bila ndugu wa kukusaidia kuwaita watu kwa majina. Tatu, ulikuwa ukibadilisha lenzi au kadi wakati huo. Waombe wageni waliokaa upande ule wakutumie picha zao kama hati, si kama picha za kawaida, na uwaambie saa unayoitafuta ili wasikutumie simu nzima. Kumbandika mtu kwenye kundi ambalo hakusimama nalo kusifanyike bila maharusi kuombwa ruhusa waziwazi, na hata wakikubali, faili ya asili ya kundi lile itunzwe na iwasilishwe pamoja na iliyobandikwa, zote zikiwa na majina yanayozitofautisha.